Folda Iliyoitwa Mpya

Seva za studio zote za redio sasa zilihifadhi sauti mahali pamoja, kupitia swichi moja ya mtandao iliyofungwa na fundi Kitwana. Bi Mwanakombo, mjane wa mtangazaji wa redio hiyo, akavaa hedifoni asikie sauti ya mumewe.

"Nifungulie folda ya Mpya, mwanangu. Ndimo alimo marehemu."

Kitwana akafungua. Likasikika tangazo la sabuni.

"Siye huyu."

Fundi akatazama nyaya zake. "Kila studio ilikuwa na folda iitwayo Mpya, mama. Nilipozihamisha, ya mwisho ikazifuta zilizotangulia."

"Na diski za zamani?"

"Nimeshazisafisha, hazina kitu tena."

Tangazo likaisha, hakikufuata kitu. Bi Mwanakombo hakuvua hedifoni. Alinyoosha mkono, akazungusha kitufe, akaongeza sauti hadi mwisho, na kuendelea kusikiliza.