Mapacha Wenye Sura Moja

Fundi wa mfumo mpya wa kuhesabu watu alivua viatu mlangoni, akaketi, akapokea chai.

“Samahani, Mama Kurwa. Kasoro tumeigundua baada ya uzinduzi. Mfumo unahesabu sura, na mapacha wako wana sura moja. Kwake, hao ni mtoto mmoja.”

“Si muurekebishe?”

“Ukishazinduliwa hauguswi. Sheria ni hiyo: wanaorekebishwa ni watu.”

Mama Kurwa akacheka, akidhani anataniwa.

Mara watoto wakarudi kutoka shule. Mlango ukamsoma Kurwa usoni, ukamkaribisha kwa jina, ukajifunga nyuma yake. Nje, Doto akagonga.

“Mama, nimebaki mimi!”

Mama Kurwa akakurupuka kwenda kufungua. Fundi akamshika mkono, sauti yake bado ya upole.

“Usimfungulie, mama. Ameshaingia.”