Tani Moja kwa Wajane

Mfuko wa tatu nao ulipungua. Tata Mukalay aliinama hadi koti la suti likalia mgongoni, akaukodolea macho mshale wa mizani kana kwamba angeusukuma kwa kuutazama. Thelathini na nane. Alikuwa amenunua kilo hamsini.

"Pima tena," alisema.

Shemasi Gracien akapima tena, bila haraka, mbele ya kanisa zima. Thelathini na nane.

Ilikuwa Jumapili ya Mavuno, na uwanja wa kanisa lao la Kolwezi ulikuwa umepambwa mpaka ukasahau vumbi. Majani ya migomba kwenye nguzo, vitambaa mezani. Hata mizani ba mama wa kwaya walikuwa wameivisha kitenge cha buluu, ukabaki wazi uso wa namba na sahani ya kuwekea mzigo tu.

Nusu ya vitu vya sikukuu vilitoka kwa Mukalay. Alikuwa na depo ya kununua madini kwenye barabara ya machimbo, Depo Neema Inatosha, na pale kanisani hakuna aliyemshinda kwa mkono mwepesi wa kutoa. Gracien alipompigia simu kuomba viti, turubai na vitu vingine vya depo, Mukalay hakumwacha amalize. Wachukue watakacho, alisema. Mali ni ya Mungu, yeye ni mlinzi tu. Pastor aliyapenda maneno hayo, akayahubiri.

Mwezi wa pili, mvua ilipoangusha shimo juu ya vijana watatu, Mukalay alisimama makaburini akaweka nadhiri: tani moja ya mahindi kwa wajane wao. Leo ndiyo siku ya kuitimiza. Mahindi yakishapimwa, angepiga magoti na kuwekewa mikono awe mzee wa kanisa. Lakini sharti lilijulikana: anayepunguza nadhiri hawekewi mikono.

Wenzao wale vijana, wachimbaji, walikuja pia. Walikaa benchi za nyuma na mabuti yao ya udongo mwekundu, wakitazama mshale. Watu wa Kolwezi wamezoea kutazama mshale. Mji huu umepimwa na wazungu, umepimwa na kampuni, umepimwa na kila aliyefika na kalamu sikioni; na kila ukipimwa, kinachokosekana ni cha yule aliyechimba.

Kabla ya Mukalay, mama Ernestine, mjane, alikuwa amepima maharage yake ya shambani. Alinung'unika kwamba shingo yake iliyoyabeba inajua uzito kuliko ile namba. Mukalay ndiye aliyemtuliza, kwa sauti ya baba, mkono juu ya mizani.

"Mama, balanse haina rafiki, haina adui. Balanse haidanganyake."

Kule nyuma wachimbaji walicheka, kicheko kifupi cha watu wanaoujua wimbo. Mukalay alidhani wanamcheka mama.

Sasa walikuwa wanamcheka yeye. Mfuko wa nne, thelathini na nane. Wa tano, vilevile.

"Pengine ni maji, patron," alisema Sadrack, kiongozi wao, kwa adabu kabisa. "Mahindi ilikauka mu njia."

Benchi za nyuma zikatikisika kwa kicheko; ndivyo wanavyoambiwa wao kule depo, madini yao yakipungua.

Mukalay aliukamata mfuko kwa mikono miwili. Mahindi hayo aliyafuata mwenyewe hadi Mutshatsha. Alisimama pale yakipimwa, hamsini, hamsini; akasimamia kushonwa kwa mifuko, akalala na ufunguo wa stoo chini ya mto. Sasa nani? Dereva? Mlinzi? Huyu Gracien mwenye uso wa kondoo? Mtu anatoa kwa moyo mmoja, na bado wanamfanya mwizi mbele za watu.

Pastor alimsogelea, akamnong'oneza kwamba si kitu, waandike kinachoonekana. Atamalizia siku nyingine, na kuwekewa mikono kutangoja.

Kutangoja. Neno hilo ndilo lililomvunja. Mukalay akauvuta mfuko chini, akapanda juu ya mizani mwenyewe, na viatu vyake vya ngozi na tumbo lake lote.

Mshale ukasimama kwenye sitini na nane.

Sasa alicheka yeye. Akageuka huku na huku juu ya sahani ili kila mtu aone.

"Juzi munganga alinipima ku hopitali. Kilo tisini. Minauliza, hii kilo ingine ilienda wapi? Mi nilikonda saa hii, mbele yenu?"

Hata ba mama wa kwaya walicheka. Ilikuwa wazi kwa mtoto.

"Tata, acha nikueleze," alianza Gracien.

"Nyamaza, Gracien. Nitasema mi." Akawanyoshea mkono wachimbaji, kwa mara ya kwanza asubuhi ile akiwahitaji. "Bote mumeona?"

"Tumeona, patron," alisema Sadrack. Hakuwa anacheka tena. Wenzake walikuwa wamesimama.

"Basi muwe mashahidi. Mwenye balanse hii ni mwizi. Anakula jasho ya wajane. Mbele ya Mungu, asimame hapa, arudishie kila mutu chake, kilo kwa kilo."

"Amina," kanisa lilisema.

"Amina," walisema wachimbaji, wakianza kuja mbele, polepole, wote pamoja.

"Na mutoe hiki kitambaa," alisema Mukalay, bado juu ya sahani, mikono kiunoni, "tumujue."

Mama Ernestine alikuwa karibu. Akafungua fundo, kitenge kikaanguka, na juu ya chuma, kwa rangi nyekundu, batu bote wakasoma: DEPO NEEMA INATOSHA.