Harusi ya Fundi Turubai

Turubai lilianguka kwa mara ya pili, na safari hii lilimwangukia fundi mwenyewe.

Alitambaa chini yake kwa magoti, akatokea upande wa baharini, mdomo umejaa mchanga. Msajili wa ndoa, aliyekuwa amekaa barazani mwa hoteli na mkoba wake mapajani, alitaka kucheka akajizuia. Mpishi hakujizuia.

"Kinyozi hajinyoi!" alimpigia kelele kutoka jikoni.

Maneno ya kweli yanauma. Fundi kazi yake ni kukodisha maturubai na viti. Amewasitiri watu wasilowe kwenye harusi zao na misiba yao, na leo, kwenye harusi yake, ameshindwa kusimamisha nguzo nne ufukweni. Akikaza moja, mvua inalegeza nyingine.

Tena harusi yenyewe ndogo: meza, viti vichache na msajili. Mpishi na mlinzi wa hoteli walikubali kuwa mashahidi. Ndugu hakuna. Kaka zake bi harusi walishaapa kwamba dada yao haolewi na mpiga vigingi, na mama yao hakuambiwa kitu, jambo lililomnyima binti usingizi wiki nzima. Kesho kaka hao wangejua, na wakijua, basi tena. Leo ndiyo leo.

Simu ndogo ya vitufe ya Fundi ikalia ndani ya mfuko wa nailoni.

"Umefika wapi, mpenzi?"

"Bado tuko ng'ambo ya mto," bi harusi alisema. "Daraja limefunikwa na maji. Dereva anasema basi halipiti."

"Shuka. Nakuja kukuchukua."

"Utapitaje? Utaruka?"

Radi ikapiga. Fundi aliisikia kwa masikio yote mawili.

"Kumbe na huko inanyesha hivi?"

"Hivi hivi." Alikuwa analia. "Nisamehe."

"Mvua ni yako hata uiombee msamaha?"

Simu ikakatika. Fundi alimwendea mlinzi amtafutie mtu mwenye mtumbwi. Mlinzi alitikisa kichwa. Mto ukifurika hauchezewi, alisema, na hakuna mwenye akili atakayekubali. Hakuna kinachochosha kama kuwa na nguvu za mikono na kukosa cha kushika. Fundi alisimama tu, maji yakimchuruzika mpaka viatuni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitamani kulia.

Shati lake la harusi lilikuwa limeganda mwilini. Lilishonwa na bi harusi mwenyewe, maana ni mshonaji, tena mshonaji mwenye ugonjwa: hawezi kuona nguo imekaa vibaya akanyamaza. Siku walipokutana alikuwa amekuja kukodi viti, na kabla ya salamu alimnyoosha Fundi kola. Fundi alipenda hapo hapo.

Mlinzi alimhurumia, akamwazima shati lake la akiba. Fundi alilivaa jikoni, haraka haraka, sikio likiwa kwenye simu. Alipotoka alipishana na mhudumu aliyebeba sinia ya chai ya mgeni wa ghorofani. Mhudumu alimpa pole bila kumwangalia usoni.

Barazani, msajili alikuwa amesimama.

"Ndugu yangu, mimi siozeshi mtu mmoja."

"Nusu saa tu, mzee wangu. Mvua itapungua."

"Itapungua huku. Na huko kwenye daraja?"

Fundi aligeuka kuyatazama mawingu. Msajili alimshika bega, akafungua mwavuli, akaenda zake. Mpishi, ambaye sasa hakucheka, alirudi kwenye sufuria zake.

Fundi alishuka tena ufukweni kukusanya viti, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki. Kimoja kilishabebwa na mawimbi. Alikitazama kikienda, hakukifuata. Simu ikalia.

"Msajili ameondoka," alisema kabla hajaulizwa. "Usijali. Wewe vuka tu. Ukivuka nitamrudisha, hata kwa kumbeba mgongoni."

Kwikwi zikamjibu.

"Sikia, hata iwe usiku nitakusubiri. Sitoki hapa."

"Ingia ndani, utaugua," bi harusi alisema, kwa sauti yake ile ya upole iliyomfanya Fundi amtii siku zote. "Na hilo shati umeruka kifungo. Kola imepanda upande mmoja."

Fundi alibana simu kwa bega, akaanza kuvifungua vifungo ili avifunge upya kama alivyoambiwa. Alipofika cha tatu vidole vikasimama, akageuka taratibu kutazama madirisha ya ghorofani.