Dukani Inaandika

Husna alikuwa ameshafika ngazi za ghorofa ya kwanza, begi mkono mmoja, kibodi ya kompyuta kwapani, na chini dereva wa bajaji anapiga honi. Juu, mumewe Twaha ameshika nondo za kibaraza. Majirani walitoa vichwa. Watu huachana kwa mengi. Hawa waliachana kwa waya usiozidi shibiri.

Kompyuta ilikuwa ya Husna. Alikuwa akitengenezea kadi za harusi humohumo nyumbani, Mtaa wa Narung'ombe, na kazi zake zote akizihifadhi kwenye diski moja. Mwezi wa tano diski ikaanza vitimbi. Unafungua kadi, inafunguka. Ukitaka kuihifadhi, mashine inakujibu imeshindwa kuandika.

Twaha mwenyewe ndiye aliyemleta fundi Rajabu, mwenye kiduka cha ufundi uchochoro wa Aggrey. Mtu mzima, mke wake alishafariki, mdomo mwepesi wa utani. Rajabu alifungua boksi la kompyuta, akapuliza vumbi, akakaza waya wa diski, ikaandika. Baada ya siku nne ikagoma. Akaja akabadilisha waya. Ikagoma. Akaichomoa diski akaenda nayo kwake, akanakili kadi pembeni, akaijaza mpaka juu, akaifuta, akaijaza tena, kisha akazirudisha kadi.

"Diski nzima kabisa hii, bwana Twaha," alisema. "Dukani inaandika. Nyumbani kwako haiandiki. Sijui inamwonea haya nani."

Twaha hakucheka. Kutwa yuko kwenye duka la jumla la vitenge, lakini moyo uko nyumbani, ghorofa ya tatu. Anamwona mkewe na Rajabu wameinamia boksi moja, vichwa vinakaribiana. Jioni anauliza fundi kaja saa ngapi, katoka saa ngapi, kakalia kiti gani. Husna alijibu mara mbili. Ya tatu akamwuliza kama anaandikisha maelezo ya polisi.

Basi akaweka mlinzi. Mama yake, Bi Kijakazi, alikuwa akikaa nao tangu baba yake Twaha afariki. Twaha alimwomba, kila fundi akija, asiwaache wawili.

"Siondoki, mwanangu," mama alisema. "Nitakaa hapohapo."

Na alikaa kweli. Siku za fundi aliacha kikao cha kikoba, akaacha hata maulidi ya jirani, akawa anachambua mchele sebuleni na macho yako chumbani. Taarifa yake ya jioni ilikuwa fupi: wamefanya kazi, mgeni kanywa chai, kaondoka. Mara moja tu aliongeza kwamba Husna anacheka mno na yule fundi, haipendezi.

Neno hilo lilimla Twaha wiki nzima. Jumatano akarudi mapema, fundi ameshaondoka, akakuta mezani sahani ya visheti, vimebaki vitatu. Akaonja kimoja. Laini, kimejaa iliki, kinayeyuka mdomoni. Miaka sita ya ndoa, Husna hajawahi kumpikia visheti vya namna ile; vya kwake siku zote vinavunja meno. Kumbe anajua kuvipika, ila kuna wa kupikiwa.

Ijumaa asubuhi, Husna akiwa sokoni, Twaha alifanya kama wanavyofanya wateja wa Kariakoo wanaoogopa kubadilishiwa vifaa. Alichukua rangi ya kucha ya mkewe, akafungua boksi, akapiga mstari mmoja mwekundu kutoka kwenye diski mpaka kwenye kichwa cha waya. Akahifadhi kadi moja ya majaribio. Ikaandika. Akafunga. Mtu akigusa waya, mstari utakatika.

Jumatatu Husna akampigia simu: imegoma tena, amwite Rajabu? Twaha alipanda ngazi mbilimbili. Kufungua boksi, kichwa cha waya kimetoka kidogo tu, kiasi cha unene wa kucha, na mstari umeachana.

Alimwuliza mama yake nani kaingia mle. Bi Kijakazi akajibu kwamba yeye hakutoka nyumbani siku zote hizo. Mwenye kompyuta alikuwa anaingia na kutoka, jana alikwenda kwa mchapaji Mnazi Mmoja, akarudi. Yote yalikuwa kweli.

"Unachomoa waya ili aje," Twaha alimwambia mkewe.

"Humo mna kadi za harusi kumi na moja, na nne zimeshapotea," Husna alisema. "Nijiharibie kazi yangu mwenyewe kwa ajili ya mwanamume gani?"

"Huyo unayempikia visheti."

"Visheti?" Husna akaanza kusema neno, kisha akalimeza. Mbele ya mama mkwe hayasemwi yote. Twaha akaona kimya kile ndiko kukiri. Akamtamkia talaka moja, na Husna akaenda kufungasha.

Mwezi wa pili wa eda Twaha alitaka kumfuata amrejee. Mama yake akamshauri asubiri kidogo, hasira zipoe. Eda ikaisha.

Husna yuko Tanga, ameolewa na mwalimu, kazi ya kadi anaendelea nayo. Twaha yuko kwenye vitenge vyake, hajaoa tena. Bi Kijakazi aliolewa mwezi wa mfungo sita, na mumewe akahamia palepale ghorofa ya tatu. Asubuhi Twaha akitoka kwenda kazini humwamkia shikamoo baba, na Rajabu, kisheti laini mkononi, huitika marahaba.