Akaunti kwa Jina la Donatus

Mashine ilikikataa kidole gumba, ikakikataa cha shahada, na sasa ilikuwa imekikataa hata cha kati.

"Jamani, mawe ya Mwakitolyo yamekula vidole!" alisema Ritha, binti wa benki, akacheka kidogo ili mteja wake asione haya. "Wachimbaji ndivyo mlivyo. Ngoja tupake mafuta."

Akatoa kopo lake mwenyewe mkobani, akampaka kijana kidole kimoja kimoja, kama anayempaka mtoto aliyetoka kuoga.

Rhoda aliuona wema huo, akauweka moyoni. Alikuwa amekaa pembeni, kwenye kiti alichopewa na mlinzi, mikono imekumbatia pindo la kanga.

Tangu asubuhi walikuwa wakizunguka Masumbwe kuchagua benki. Kijana hakutaka kufungua akaunti kabisa. "Fungua wewe, mama, mimi nitatuma kwako," alisema. Ndivyo alivyosema hata kuhusu simu, na mpaka leo alitumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha Rhoda. Lakini wakala wa ajira alikataa katakata. Kampuni ya Doha hulipa kwenye akaunti ya mfanyakazi mwenyewe, na namba ya akaunti ilitakiwa leo kabla benki haijafunga. Ikikosekana, nafasi inakwenda kwa kijana mwingine wa Runzewe.

Benki ya kwanza ilikuwa na makato madogo. Rhoda akaipita. Ya pili ilikuwa mpya, mashine zinang'aa. Akaipita upesi zaidi. Hii ya tatu aliichagua kwa sababu mlinzi alimwambia, "Shikamoo, mama," kabla hajamkagua.

Kiyoyozi kilinguruma juu yao. Ulikuwa mngurumo uleule wa mashine ya kusukuma hewa shimoni, na kila aliposikia mngurumo kama huo, Rhoda alisikia na kile kingine: mtu akikohoa chini, chini kabisa, chini ya marumaru. Aliinua miguu kidogo asije akamkanyaga.

Kifusi kilipoporomoka mwaka ule, kiliwafunika vijana wawili waliokuwa wakila sahani moja: Donatus wake, na Akida, kijana wa Tanga asiye na baba wala mama. Aliyetolewa alikuwa amepondeka uso, sauti imekauka kwa vumbi. Walimtambua kwa koti la Donatus. Mwenzake hakupatikana, na shimo likafungwa.

Wachimbaji wakaamua kuzika mgomba badala ya mwili, kama ifanywavyo, ili marehemu apate pa kulala. Walitaka uzikwe kulekule machimboni. Rhoda akakataa. "Mleteni kwangu," alisema. Mgomba ukavishwa sanda, ukazikwa nyuma ya nyumba yake. Shehe akaomba dua, na katekista naye akaomba. Tangu hapo Rhoda alifagia pale kila asubuhi na kupasimulia habari za nyumbani. Majirani walimsifu: mama gani huyu, ampendaye mtoto wa mwenzake namna hii?

Na aliyebaki alikuwa kijana mwema. Alimchotea maji, alimwezekea nyumba, alimpeleka kliniki kwa baiskeli macho yake yalipoanza kuwa na ukungu. Nyama ya nguruwe tu ndiyo iliyomshinda tangu ajali, akasingizia tumbo. Rhoda akaacha kuipika, wala hakuuliza.

"Kaka, hivyo vidole ni vyako au umeazima?" mtu mmoja alitania kwenye foleni. "Wenzako tuna njaa!"

"Mwache, Bartholomeo," mwanamke mmoja alimkemea. "Wewe na cheki yako feki ya juzi!"

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. Jasho lilimtiririka juu ya makovu.

"Cha mwisho," alisema Ritha.

Taa nyekundu ikawaka tena. Ritha akashusha sauti. "Kaka Donatus, nimejaribu. Mfumo unasema namba hii ya kitambulisho haiendani na vidole hivi. Hapo mimi sina uwezo. Nendeni ofisi ya vitambulisho mkahakikiwe upya."

"Leo?" Rhoda aliuliza.

"Kwa leo hamtawahi, mama. Pole sana."

Kijana akasimama haraka, kiti kikaanguka. "Basi, mama. Twende nyumbani. Doha haikuwa riziki yangu."

"Na kazi?"

"Kuna duara jipya la kuchimba limefunguliwa. Nitashuka na wenzangu Jumatatu."

Alisema hivyo bila kumtazama, kwa haraka ya mtu anayeshikilia mlango usifunguke. Chini ya marumaru yule mtu akakohoa kwa nguvu, mara nyingi, mpaka Rhoda akaona ajabu kwamba watu wote wale hawamsikii.

Akanyanyuka. Akakiinua kiti kilichoanguka, akakipangusa kwa kanga, akakirudisha mbele ya meza.

"Kaa, ng'wanawane, mwanangu," alimwambia. Kijana akakaa. Rhoda akamwekea mkono begani, akamgeukia Ritha.

"Binti yangu, futa hilo jina. Andika Akida. Donatus ndiye niliyemzikia mgomba."

Kijana akainua uso kumtazama.

"Toa kitambulisho chako," Rhoda alimwambia polepole. "Kimo kwenye mfuko wa ndani wa hiyo suruali. Kila nikikufulia nakitoa, nakifuta, nakirudisha."