Viatu vya Ushahidi

Karani alipoita jina lake, Tusekile alisimama taratibu. Kwa miaka sita shemeji yake alikuwa akikatia rufaa kila amri ndogo ya mahakama, na rufaa ya nne ilikuwa imetupwa. Leo angetoa ushahidi kuhusu shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu mumewe, ambalo shemeji alidai ni lake.

Alivitazama viatu vyake vyeusi. Alivinunua sokoni Mlowo kesi ilipoanza, kwa ajili ya siku hii. Soli zimebadilishwa mara mbili kwa safari za mahakamani, na kizimbani bado havijakanyaga.

Wakili wa shemeji akainuka. "Mheshimiwa, tuna pingamizi dogo tu."

Tusekile akavua viatu, akaenda kuvipanga kizimbani, vimeelekea kwa hakimu, kisha akashika njia ya mlangoni.

"Mama, unakwenda wapi?" karani akauliza.

"Kuchuma kahawa. Zamu yangu ikifika, viulizeni hivyo viatu."