Viatu vya Kulia

Kipepeo aliingia kwenye kibanda cha shangazi yake, fundi viatu, akaegemeza mlangoni ubao wake wa magurudumu.

"Tafuta mtu umpe," alisema. "Mimi basi."

Miaka kumi na mitano alikuwa ameishi kwa kuruka nao ngazi na vyuma vya mitaani, kwenye mashindano na kwenye matangazo. Sasa goti lilikuwa limegoma, na kampuni iliyomdhamini ilikuwa imempa mwingine mkataba wake.

Shangazi hakumpa pole. Alimsukumia gunia la viatu kwa mguu. "Nisaidie kupanga hivi kwanza. Watoto wa mtaa wameleta wiki hii."

Kipepeo aliketi kwenye kigoda, akachomoa kiatu cha kwanza. Kilikuwa cha kulia, kimetoboka ubavuni, karibu na kidole cha mwisho. Cha pili nacho cha kulia, tundu palepale. Alipofikia cha tisa, kidogo kuliko kiganja chake, alivirudia vyote kutazama matundu.

Wachezaji wengi hutanguliza mguu wa kushoto, na kiatu cha kushoto ndicho hulika kwa kusuguana na ubao wanaporuka. Yeye alianza kucheza akiwa na kidonda kwenye mguu wa kushoto, akatanguliza wa kulia, na hakuna kocha aliyeweza kumgeuza.

"Umewaharibu wote," shangazi alisema, akitunga uzi kwenye sindano. "Na hawana hata kidonda."

Kipepeo alivua kiatu chake cha kulia, akakiweka juu ya rundo.

"Anza na hiki, shangazi. Nakihitaji kabla hawajatoka shule."